Sifuri Niliyojivunia

Kabla sijasema nilivyougua, mnijue. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Nilizaliwa katika nyumba ya bati ya mviringo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, wazazi upande huu na sisi watoto upande ule. Baba alikuwa Mwacholi na Mkatoliki, Mama ni Mnubi na Mwislamu, na nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ni lugha ambayo hakuna kati yao aliyeweza kumshinda mwenzake kwayo. Kutoka kwenye bati lile nilikwenda kyeyo, yaani kazi za Uarabuni. Nilisimama mlinzi kwa miaka, nikasoma jioni wenzangu wakilala, nikarudi na diploma ya usimamizi wa ulinzi. Leo nina shule ya kufundisha walinzi hapa Ntinda, Kampala. Diploma yangu imetundikwa nyuma ya kiti changu, ili kila anayeketi mbele yangu aisome kabla sijafungua mdomo. Hakuna mjomba aliyenisukuma, wala mwanasiasa aliyenipigia simu.

Nayasema haya kwa sababu watu wanadhani ugonjwa ulionipata ni wa wasichana wenye vioo vikubwa. Mimi ni mwanamume mwenye ndevu, mke, na wafanyakazi wanaonipigia saluti. Ulinipata. Kama umeanza kukupata wewe, soma. Sitaandika kilo zangu popote humu, kwani najua watu wa aina yetu: mtazisoma kama matokeo ya mashindano.

Ulianzia kwenye mzani. Kule Uarabuni kampuni yetu ilikuwa na mzani mlangoni mwa bwalo la chakula, na kila wiki tulipimwa. Mlinzi mwembamba, suti ikimkaa vizuri, alipelekwa hotelini kusimama kwenye ukumbi wa mapokezi, penye hewa baridi na marumaru. Aliyenenepa alipelekwa getini pa majengo yanayojengwa, juani. Niliwaona wenzangu wakirudi kutoka kule wamebabuka midomo. Mimi sikupelekwa hata siku moja. Nilijifunza kuruka chakula cha asubuhi, kisha cha mchana, kisha nikajifunza kukaa bwaloni mbele ya sahani ya wali, nikiugeuzageuza huku napiga soga, hadi muda wa kula uishe. Msimamizi alinionyesha kwa wageni: "Huyu ndiye mfano." Nilifurahi kuitwa mfano. Hata sasa nikikumbuka, kifua kinajaa kidogo.

Nilipotua Entebbe, familia ilikuja kunipokea na gari la kukodi. Hapa kwetu mtu wa kyeyo anatakiwa arudi na mashavu. Mama alinikumbatia, kisha vidole vyake vikasimama juu ya mfupa wa bega langu, vikakaa hapo.

Kaka yangu Ochan, ambaye ni sajini wa polisi na hajui kunyamaza, alinizunguka kama anakagua gari lililogongwa. "Afande, wenzako wanarudi na tumbo. Wewe umerudi na begi tu?"

"Hii inaitwa nidhamu," nikamjibu. "Wewe tumbo lako linaingia ofisini kabla yako."

Watu wote walicheka. Mke wangu Zaituni hakucheka.

Nilianza kukimbia kila asubuhi, kutoka Ntinda hadi Kyambogo na kurudi, mvua ikinyesha au isinyeshe. Siku ambayo sikukimbia sikula. Siku niliyokimbia nilikula kidogo, nikajuta, nikakimbia tena jioni. Na watu wa Kampala wakianza kukuona unapungua, wana jina moja tu la ugonjwa, na hawalitaji mbele yako. Fundi cherehani aliyenipunguzia suruali mara ya tatu alinitazama kwa huruma, akasema, "Pole, ssebo. Siku hizi dawa zipo." Nilikwenda kupima virusi siku hiyo hiyo. Sikuwa navyo. Nililiweka jibu lile mfukoni, nikawa nawaonyesha watu bila kuombwa: fundi, majirani, hata imamu. Nilidhani nimewafunga midomo. Sikujua kwamba ndivyo nilivyofunga na mlango mmoja wa kusaidiwa, kwa sababu tangu hapo kila mtu aliniona mzima mwenye kiburi.

Mama hakukubali. Alinipeleka kupima sukari, kifua kikuu, vidonda vya tumbo, minyoo. Padri wa upande wa baba alinishika kichwa akaniombea. Shehe wa upande wa mama akanipa maji ya kisomo ninywe. Nilishukuru kwa yale maji, kwani yalikuwa kitu pekee nilichoweza kumeza mbele ya Mama bila kuogopa. Nakumbuka mabenchi kuliko madaktari. Nilianza kwenda na sweta la kukalia, maana mifupa ya makalio ilikuwa inagusana na mbao. Ukiwa kwenye benchi la kusubiri, unawaona wagonjwa wengine wakila chapati na mayai, na unawadharau, huku mate yanakujaa mdomoni. Nilikuwa namdharau kila mtu aliyekula.

Mwisho tulifika kliniki moja ndogo upande wa Mengo, Zaituni akiwa ndiye aliyeisikia. Pale nilikutana na Sister Nambi, muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba. Nilimweleza mapema kwamba yeye anaongea na mtu mwenye diploma.

"Vizuri," akasema. "Mimi nina digrii mbili, na ya tatu naisomea wikendi. Kaa chini."

Alinipa dodoso. Karatasi ya sentensi, na mbele ya kila sentensi viboksi: Daima, Mara nyingi, Wakati mwingine, Kamwe. Naogopa kunenepa. Nafikiria chakula wakati wote. Naficha chakula nisionekane kwamba sijala. Najiona na hatia baada ya kula. Alisema, "Hakuna jibu sahihi wala kosa. Ni wewe kujieleza."

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo ambalo watu wa kyeyo wanalijua na Sister hakulijua. Fomu ya afya haijazwi kwa ukweli. Inajazwa ili upite. Umewahi kuumwa kifua? Hapana. Umewahi kulazwa? Hapana. Umewahi kuzimia? Hapana. Wakala aliyetusafirisha alituambia kalamu ishuke kama mvua isiyo na upepo, wima, bila kupinda. Aliyepinda alibaki nyumbani. Somo hilo nalifundisha mwenyewe shuleni kwangu, na wanafunzi wangu hawakataliwi. Kwa hiyo nilipoiona karatasi ile, mkono ulijua kazi yake. Kamwe, kamwe, kamwe, hadi chini. Nilimaliza kabla Sister hajarudi na kalamu yake nyingine.

Akajumlisha. "Sifuri."

"Nimefaulu?"

"Haifaulishi mtu hii. Inasema huna dalili za hatari." Aliitazama tena karatasi. "Chakula cha mwisho ulichokula kilikuwa na chumvi?"

Nilimwambia kilikuwa kiasi gani, saa ngapi, nilikimbia kilomita ngapi baada yake.

"Sikukuuliza hesabu. Nimeuliza chumvi."

Nilinyanyuka, nikamuaga kwa heshima, nikaenda kumwambia Zaituni nimepata sifuri, alama bora kuliko zote zinazowezekana. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini. Alisema tu, "Basi ni kitu kingine," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa jambo baya zaidi.

Mvua za mwaka ule zilinikuta nikiwa na hali mbaya. Nilihisi baridi Kampala hii hii ambapo watu wanatembea na leso ya kufutia jasho. Mikononi ziliniota nywele laini kama za mtoto mchanga. Pete ya ndoa niliifunga uzi ndani isidondoke, mwisho ikadondoka na uzi wake. Kitandani sikuwa mume. Nililala kwa upande mmoja na mto katikati ya magoti, kwani goti kwa goti liliuma. Zaituni aliacha kuniuliza kitu. Alifua nguo zangu, akazikunja, akaziweka, akanipita.

Kwa Mama tulikula Jumapili, kwenye sinia moja kama Wanubi wanavyokula, na sinia lilikuwa maficho yangu. Kwenye sahani yako peke yako watu wanaona. Kwenye sinia mikono mingi inaingia na kutoka, na mkono wangu uliingia na kutoka kwa mwendo ule ule wa wenzangu, ukirudi na tonge la ukubwa wa punje ya hindi. Mama alikuwa akinisukumia nyama upande wangu. Niliisukuma kwa kidole kwenda upande wa Ochan. Ochan hakuwahi kushangaa kwa nini nyama yake haiishi.

Nilianguka kwenye gwaride. Wanafunzi walikuwa wanahitimu, wazazi wamekaa chini ya turubai, nami nilikuwa mbele nawaonyesha jinsi mlinzi anavyosimama. Nilisikia mluzi masikioni, nikaona ardhi inakuja. Walinzi wangu hawakusogea, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Zaituni ndiye aliyekimbia.

Nililazwa katika wodi ya uangalizi, wanaume na wanawake pamoja. Daktari, kijana mpole, alinieleza bila kupamba: chumvichumvi za damu zimeshuka, mapigo yamekuwa ya kobe, na mwili uliokosa chakula umeanza kula misuli, na moyo nao ni msuli. "Moyo unaweza kusimama ukiwa umelala tu, bila kelele," alisema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Akaiweka chini polepole, kana kwamba sauti ya chupa ingeweza kuusimamisha.

Hata hapo nilikuwa na jibu langu: sifuri. Nilimwambia daktari karatasi imeonyesha sina tatizo hilo.

Kwenye kitanda cha jirani, nyuma ya pazia, alilazwa msichana mwanafunzi wa chuo, Brenda. Alikuwa na sauti kubwa ndani ya mwili ambao shuka halikuinuka juu yake. Siku ya pili alilivuta pazia.

"Uncle, nasikia unajisifu. Ulipata ngapi kwenye karatasi ya Sister Nambi? Hata mimi aliniletea hapa."

"Sifuri."

"Banange! Mimi mbili. Umenishinda." Akacheka, akashika mbavu. "Nilikosea wapi? Ile ya kufikiria chakula. Niliweka wakati mwingine, nikaona nikiweka kamwe watajua ni uongo."

"Kosa lako hilo. Unapinda. Kalamu ishuke wima."

"Uncle ni mwalimu kweli."

Tukacheka sote wawili. Nilimfundisha. Nilimweleza jinsi ya kujibu mara ya pili watakapoileta, na nilifanya hivyo kwa raha, kama mtu aliyepata mwanafunzi mwerevu. Akaniuliza kama wauguzi wanakagua chini ya mto. Nikamwambia bado.

Asubuhi ya siku ambayo angepewa tena karatasi, niliamka nikasikia viatu vingi upande wa pili wa pazia, kisha viatu vichache, kisha hakuna. Mama yake alikuja na kikapu chenye matooke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, bado yanatoa moshi. Hakuna aliyekuwa ameweza kumpigia simu kwa wakati. Alisimama na kile kikapu. Wahudumu walipolitoa godoro, chini yake zilidondoka slesi za mkate zilizokauka, moja baada ya nyingine, na yule mama aliinama akaanza kuziokota na kuzifuta vumbi.

Sikuweza kulia, macho yalikuwa makavu. Nilimwambia Zaituni akamwite Sister Nambi, ambaye wodi ile ilikuwa ikimwalika kwa wagonjwa wa aina yetu, na aje na karatasi.

Alikuja jioni, kabla giza halijaingia. Hakunipa kalamu. "Safari hii nasoma mimi, unajibu kwa mdomo. Mkeo akae au atoke?"

Nilitaka kusema atoke. Nilisema akae.

"Lakini kwanza nikwambie kitu," alisema Sister, akiitoa karatasi yangu ya zamani. "Zote ni kamwe. Naogopa kunenepa, kamwe. Naona hatia, kamwe. Halafu hii hapa katikati: nafurahia kula pamoja na watu. Kamwe. Nilijumlisha kwa haraka kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Baadaye nikajiuliza, huyu mtu asiyeogopa chakula wala kukifurahia, mezani anafanya nini? Nilipiga simu mara tatu, ssebo. Hukupokea."

Ni kweli. Namba nisiyoijua siipokei. Kwa hiyo neno moja la kweli katika karatasi nzima niliandika kwa bahati mbaya, kwa sababu kalamu ilikuwa inashuka tu.

Akaanza kusoma. Naogopa kunenepa. Nilifungua mdomo kusema kamwe, na neno halikutoka. Kwenye karatasi ni alama ya kalamu. Kwa mdomo, mbele ya mwanamke aliyekuosha jana kwa taulo, ni kitu kingine. Nilisema, "Mara nyingi." Sister aliandika bila kuinua uso. Akaendelea. Alipofika kwenye kuficha chakula, niligeukia ukutani.

Zaituni ndiye aliyeongea. "Sister, hilo niulize mimi."

"Karatasi ni yake, nnyabo. Ajibu mwenyewe."

"Basi nimuulize mimi." Akanigeukia. "Okot. Ile chapati nilikuwa naikuta kwenye mfuko wa koti. Na kuku aliyefungwa kwenye tishu. Alikuwa wa nani?"

"Wa mbwa wa jirani."

"Mbwa?"

"Ndiyo, mbwa."

Zaituni alivuta kiti karibu. "Mimi nilijua una nyumba nyingine," alisema. "Nilijua unampelekea mwanamke chakula changu. Kitandani hunigusi, mezani huli, nikasema anakula kule. Nilimtafuta Ntinda nzima, Okot. Nilimfuata yule mwalimu wa shuleni kwako hadi kwake Kyambogo. Nilimtukana mtoto wa watu mbele ya baba yake." Hapo ndipo akalia, akafunika uso kwa kitambaa chake, na katikati ya kilio nikasikia kicheko kibaya. "Kumbe mke mwenzangu ni mbwa."

"Daima," nikamwambia Sister. "Kuficha chakula. Andika daima."

Alijumlisha mwishoni, akanionyesha. Ilikuwa alama kubwa, ya kuogopesha. Sister alisema, "Hii ndiyo naweza kuitibu. Ile sifuri nilikuwa siwezi."

Wanaodhani kutibiwa ni kula tu, wasikilize. Walinilisha kwa vikombe vidogo, kwa woga, kwani mwili ulioshinda njaa ukijazwa ghafla unaweza kufa kwa shibe. Miguu ilivimba, vidole vikiibonyeza vinaacha shimo. Niliwachukia wauguzi, na Zaituni zaidi, kwa kukaa mbele yangu hadi kikombe kiishe. Nilimwaga uji mara moja kwenye chombo cha maua, wakanikamata. Niliporudi nyumbani, mzani wetu ulikuwa umetoweka. Ochan alikuwa ameuchukua kituoni kwake na hadi leo anasema ni kielelezo cha kesi. Msimu wa kiangazi nilikimbia kwa siri, nikarudi wodini. Msimu wa mvua nikatoka tena. Kila wiki nilikwenda Mengo kuongea na Sister, na kila wiki aliniuliza swali lile lile.

"Uji wa asubuhi ulikuwa na sukari?"

"Sijui."

"Si umeunywa?"

"Niliuhesabu. Sikuuonja."

Moyo bado una hitilafu, na daktari amesema haitaondoka. Meno mawili yamekwenda. Yule mwalimu wa Kyambogo aliacha kazi, Zaituni alikwenda kumwomba radhi, hakufunguliwa. Shuleni bado nafundisha, na fomu ya afya bado ipo kwenye masomo. Nawaambia ukweli: mkijaza kwa uaminifu, baadhi yenu hamtasafiri. Halafu nawaambia habari za msichana mmoja ambaye darasani simtaji jina, na kalamu zinasimama. Kila mmoja anaamua mwenyewe. Wawili wamebaki nyumbani kwa sababu yangu, na mmoja wao hanisalimii.

Kama umepewa karatasi ile na peke yako unajua kuifaulu, mwombe mtu akusomee kwa sauti. Hilo tu ndilo nililo nalo la kukupa.

Juzi Sister aliileta tena. Nilijibu kwa mdomo, Zaituni pembeni. Kunenepa bado naogopa, mara nyingi. Hatia, mara nyingi. Kuficha, wakati mwingine, na Zaituni alitikisa kichwa kukubali. Alama bado ni mbaya. Tukafika pale katikati.

"Nafurahia kula pamoja na watu."

"Wakati mwingine," nikasema.

Sister akaweka kalamu chini. Haniamini kirahisi, na ana haki. "Wakati gani?"

Nikamwambia: Jumapili, kwa Mama. Sinia lilikuwa na gurusa, ile mikate laini anayoipika Mama juu ya bamba la chuma, na ini la kukaanga. Wote walikuwa wanaangalia pembeni kwa makusudi, hata watoto, mpaka shingo zinawauma. Mama alinisukumia kipande cha ini. Kidole changu kikaenda kukisukuma kwa Ochan kama zamani, na Ochan, akiwa bado anatazama ukuta, akasema, "Afande, miaka yote hii umeninenepesha mimi. Leo beba mzigo wako." Mama akamkemea. Watoto wakashindwa kujizuia, wakacheka, na mimi nikacheka, na nilipomaliza kucheka ini lilikuwa mdomoni.

Sister hakuandika.

"Lilikuwa na chumvi?"

"Ilizidi," nikamwambia.